Tarakimu sita zinamtambua nani?

Nilikuwa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, kwenye msiba, simu ilipoita saa mbili na nusu usiku. Alikuwa mpwa wangu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. "Shikamoo mjomba." Nikaitikia, na kabla sijauliza habari za masomo akawa ameshaanza kueleza shida yake. Dirisha la maombi ya shahada ya pili kwenye chuo kimoja cha nje lilikuwa linafungwa usiku uleule. Ada ya maombi ni dola 75, hawapokei malipo kwa simu, ni kadi tu. Namba za kadi yangu alikuwa nazo tangu tulipolipia mtihani wake wa Kiingereza mwaka jana. Kilichobaki ni meseji ya uthibitisho yenye tarakimu sita, na meseji hiyo ingekuja kwangu.

Pale tulipokuwa, mtandao una mahali pake: nyuma ya nyumba, karibu na zizi, ukisimama juu ya jiwe moja ambalo kila mgeni huonyeshwa. Nikasimama juu ya jiwe. Kwenye skrini yake, huko Dodoma, saa ilikuwa inahesabu kurudi nyuma kutoka dakika tano. Namba ya kwanza ilinifikia muda umeshaisha. Akaomba nyingine. Zikaingia meseji mbili kwa mpigo, nikamsomea ile ya juu, ikakataliwa, kwa kuwa ya juu ndiyo ilikuwa ya zamani. "Soma tena mjomba, polepole, tumebakiza dakika moja." Jaribio la tatu likapita. Nikasikia akipiga kelele za furaha, nami nikarudi kwenye jamvi la waombolezaji.

Pale kwenye jamvi nilifikiria tulichokifanya, na hakikunipa raha. Mtu alinipigia usiku, akiwa na haraka, akanihimiza nimsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yangu, nami nikamsomea. Meseji yenyewe ilikuwa imeandikwa chini kabisa, kwa Kiingereza, kwamba nisimpe mtu yeyote namba ile, hata mfanyakazi wa benki. Tapeli angefanya hivyohivyo, neno kwa neno. Tofauti kati ya mpwa wangu na tapeli naijua mimi peke yangu. Mfumo hauijui.

Uhakiki huu wa malipo ya kadi mtandaoni una historia fupi inayosaidia kuelewa ulivyofika hapa. Visa walianza kuutumia mwaka 2001, na Mastercard wakaja na wa kwao baadaye kidogo. Jina lake la kiufundi ni 3-D Secure, na tatu hiyo ni pande tatu: benki iliyokupa kadi, benki inayompokelea muuzaji fedha, na mtandao wa kadi unaoziunganisha. Kabla ya hapo, aliyekuwa na namba za mbele ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma alikuwa na kila kitu. Mhudumu wa hoteli aliyeishika kadi yako dakika mbili angeweza kuinakili na kununua simu upande wa pili wa dunia. Mwanzoni wateja wengi walitakiwa kukariri nywila, wakaisahau, wakaacha vikapu vyao kwenye maduka ya mtandaoni. Ikafuata namba ya mara moja kwa meseji. Mwezi Oktoba 2016 shirika la EMVCo, linalomilikiwa na kampuni za kadi, likatoa toleo jipya, na lile la zamani likastaafishwa Oktoba 2022.

Toleo jipya lina akili zaidi. Ukibonyeza kitufe cha kulipa, tovuti ya muuzaji inaweza kuitumia benki yako taarifa zaidi ya 100: aina ya simu au kompyuta, lugha yake, kiasi, sarafu, jina la muuzaji, nchi aliyopo, mahali mzigo unapopelekwa. Benki inazipima. Ikiona mwenendo ni wako wa kawaida, malipo yanapita bila kuulizwa kitu. Ikitilia shaka, inakuuliza, na hapo ndipo tarakimu sita zinapoingia. Nayasema haya kwa sababu wengi wetu tunadhani benki haina habari na tunachonunua mpaka tutakapoingiza ile namba. Benki inajua kiasi na inajua jina la muuzaji kabla meseji haijatoka. Nitarudi kwenye jambo hili, maana ndilo kiini cha malalamiko yangu.

Basi ile namba inamtambua nani? Inatambua laini. Ukiweza kuisoma, imethibitika kwamba uko karibu na simu yenye laini iliyoandikwa kwenye faili la benki, au unaongea na aliye karibu nayo. Zaidi ya hapo haisemi kitu. Kwa nchi ambayo mtu mmoja ana kadi yake, simu yake na mtandao usiokatika, makisio hayo yanatosha mara nyingi. Kwetu kadi ni ya ukoo. Mwenye ajira ana kadi inayolipa nje. Shemeji analipia tangazo la duka lake kwa kadi hiyo, dada analipia darasa la mtandaoni, mtoto wa kaka analipia ada ya mtihani. Wote wanapiga simu na kusema, "Kaka, kuna namba imeingia, nisomee." Sioni aibu katika hilo. Ndivyo tunavyoishi na ndivyo tunavyosaidiana. Lakini onyo ambalo watu waaminifu wanalazimika kulivunja kila wiki limeshakufa kama onyo. Jicho linaliruka, na siku mwizi anapopiga, jicho linaliruka vilevile.

Mwalimu mmoja mstaafu anaishi Nkuhungu, si mbali na kwangu, na ana shamba la zabibu Mpunguzi. Mwaka jana aliona mtandaoni pampu ya umeme wa jua kwa shilingi 620,000. Tovuti ilikuwa na picha nzuri, namba ya simu ya hapa nchini na maneno ya Kiswahili safi. Akajaza namba za kadi. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, halafu akapigiwa. Sauti ya kijana, yenye adabu: "Shikamoo mwalimu, malipo yako yamekwama, kuna namba imeingia hapo kwako, nisomee tuyaruhusu." Akamsomea. Baada ya dakika chache akaambiwa haikukubali, imeingia nyingine. Akamsomea na hiyo. Malipo mawili yalipokwisha kupita, akaunti ilikuwa imepungua shilingi 1,840,000, kwa wauzaji wawili wa nje ambao hajawahi kuwasikia.

Aliponiletea simu niliziona zile meseji mbili. Zote zilikuwa kwa Kiingereza, za mstari mmoja na nusu. Namba ni hii, inaisha baada ya dakika kadhaa, usimpe mtu. Hapakuwa na kiasi. Hapakuwa na jina la muuzaji. Mwalimu anasoma Kiingereza vizuri kuliko mimi, hivyo lugha haikuwa kikwazo chake. Kikwazo kilikuwa kwamba hapakuwa na kitu cha kusoma. Yeye aliamini anaruhusu laki sita na ishirini kwa ajili ya pampu, na ile meseji haikuwa na neno hata moja la kumkanusha.

Benki ikamjibu kwa sentensi ambayo nadhani wasomaji wengi wameshaisikia: "Mzee, mfumo unaonyesha umethibitisha mwenyewe." Kwa afisa wa dirishani huo ndio mwisho wa shauri. Namba ilitumwa, namba iliingizwa, na kumbukumbu ipo. Mwalimu aliondoka na karatasi ya taarifa ya akaunti aliyoikunja mara nne.

Ndani ya mfumo wa kadi kuna kanuni ambayo haisemwi kwa wateja. Malipo ya ulaghai yakifanyika bila uhakiki huu, mwenye kadi akilalamika, kwa kawaida hasara inamwangukia muuzaji. Uhakiki ukifanyika, hasara inahamia kwa benki iliyotoa kadi. Ndiyo maana wauzaji wanaupenda. Na kwa benki iliyobebeshwa mzigo huo, njia nyepesi kuliko zote ni kuusukuma hatua moja mbele, kwa mteja, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyetoa namba. Mzigo umetoka kwa muuzaji ukapita benki ukatua kwa mstaafu, na kila aliyeusukuma ana karatasi inayomruhusu.

Kuna nchi zilizoliona hili na kuliwekea mpaka. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wake wa pili wa huduma za malipo wa mwaka 2015, ulisema kwamba kumbukumbu ya mfumo kuonyesha kadi imetumika haitoshi peke yake kuthibitisha kwamba mteja aliruhusu malipo au alifanya uzembe mkubwa. Benki inatakiwa kuleta ushahidi zaidi ya hapo. Kanuni za uhakiki zilizoanza Septemba 14, 2019 chini ya mwongozo huohuo zikaongeza jambo ambalo lingemwokoa mwalimu wetu: namba ya uthibitisho ya malipo ya mtandaoni lazima ifungwe na kiasi mahususi na mpokeaji mahususi, na mlipaji lazima aonyeshwe vyote viwili kabla ya kukubali. Kiasi kikibadilika, namba inakufa.

India walilazimisha uhakiki wa pili kwa malipo ya kadi mtandaoni tangu Agosti 2009, miaka kumi kabla ya Ulaya. Mwaka 2017 benki kuu yao ikaandika kwamba jukumu la kuthibitisha kosa la mteja ni la benki. Hawakuwa wapole kwa kila mtu: mteja aliyetoa siri zake mwenyewe anabeba hasara mpaka atakapotoa taarifa, na baada ya taarifa hasara ni ya benki. Unaweza kuubishia mpangilio huo. Nami naubishia, kwa sababu anayedanganywa na sauti ya heshima hajatoa siri kwa hiari. Lakini angalau kila upande unajua unasimama wapi, na mwizi anaposhindana na saa, benki nayo inashindana nayo.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, tuna kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Msingi upo. Ninachokitaka ni kifungu kimoja kinachosomeka na mtu wa Nkuhungu bila wakili: kwamba "mfumo unaonyesha umethibitisha" si jibu kamili, na kwamba benki ionyeshe mteja aliambiwa anathibitisha nini.

Nitaambiwa gharama. Sawa, tuhesabu. Meseji moja ya simu inabeba herufi 160. Hii hapa niliiandika mwenyewe mezani: "Unaombwa kulipa Sh 1,200,000 kwa (jina la duka), Lithuania. Kama hukununua, usiitumie namba hii, piga simu benki. Namba: 000000." Inaenea, na nafasi inabaki. Taarifa zote zilizomo humo benki inazo tayari kwenye ombi lililotoka kwa muuzaji. Najua zipo meseji zinazotaja kiasi. Nimeshaziona, na nazishukuru. Kama benki moja inaweza, zote zinaweza, na zinaweza kwa Kiswahili, lugha ambayo mteja anaielewa hata akiwa ameshtuka. Mtu akihimizwa na saa inayohesabu kurudi nyuma, hata aliyesoma sana hurudi kwenye lugha aliyolelewa nayo.

Njia bora zaidi ipo kwenye programu ya benki ya simu: ombi linakuja ndani ya programu, linakuonyesha duka na kiasi, unabonyeza kubali au kataa kwa namba yako ya siri au alama ya kidole. Hakuna tarakimu za kumsomea mtu, na mwizi aliye kwenye simu hana cha kuomba zaidi ya kukwambia "bonyeza", jambo linalomlazimisha mteja kutazama kiasi kwa macho yake. Lakini programu inataka simu janja na bando, na wenye vitochi ni wateja pia. Wao meseji ndiyo njia yao, kwa hiyo meseji itengenezwe vizuri.

Kuhusu laini zenyewe. Usajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA ulianza Mei 1, 2019, na kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Ulikuwa usumbufu, foleni tulizipanga, na bado nasema ilikuwa kazi ya maana: leo ukipiga *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na meseji ya utapeli unaituma 15040. Ila usajili ulijibu swali la nani alisajili laini, na benki inauliza nani ameishika sasa hivi. Maswali hayo mawili yanatengana kirahisi. Mtu anabadili laini, anasahau kuiambia benki. Laini ya zamani isiyotumika hufungwa, na baada ya muda namba ileile huuzwa kwa mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea tarakimu sita za mtu asiyemjua. Au mwizi anafanikiwa kurudisha laini yako kwa jina lako, na simu yako inakuwa kimya ghafla huku ukidhani mtandao unasumbua. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliuweka uhakiki wa meseji kwenye kundi la njia zenye masharti mwaka 2017 kwa sababu za namna hii.

Kuna na kile kisanduku cha anwani, ambacho kinawatoa jasho wengi bila sababu kubwa. Fomu inadai postikodi, mtu anajaza 00000, au 255, au sanduku la posta la shule aliyosoma. Uhakiki wa kulinganisha anwani na kumbukumbu za benki unatumika zaidi Marekani, Canada na Uingereza. Postikodi tunazo, Dodoma zinaanzia 41, na tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba na mitaa ina vibao. Jaza ya kwako ya kweli, na iwe ileile kila mara, kwa sababu mfumo wa muuzaji unaopima mwenendo hautulii ukiona leo unakaa Kisasa na kesho unakaa 00000.

Na kadi ikikataliwa, tuambiwe kwa nini. Jioni ile ya Kibakwe kila jaribio lililoshindwa lilitoa neno lilelile, "imeshindikana." Namba ilichelewa? Salio halikutosha? Benki ilishuku? Kadi haijafunguliwa malipo ya mtandaoni? Tovuti inajua, benki inajua, na anayelipa hajui. Watu wakikosa maelezo wanajaribu tena na tena, na kujaribu tena na tena ndiko kunakoifanya mashine iwadhanie wezi. Nimeona kijana pale Nyerere Square akibonyeza mara ya saba, akiomba kwa sauti ya chini.

Kwa familia zinazotumia kadi moja, nimewauliza maafisa wawili wa benki kwa nyakati tofauti kama naweza kumwekea mpwa wangu kadi ya nyongeza yenye kikomo chake na meseji inayokwenda kwenye simu yake. Mmoja alisema ipo kwa baadhi ya akaunti. Mwingine hakuwahi kusikia. Kama huduma hiyo ingetangazwa kwa bidii wanayotangazia mikopo, nusu ya simu za "nisomee" zingekoma, na onyo la usimpe mtu lingerudi kuwa na maana.

Wiki iliyopita tuliamua mpwa afungue akaunti na kadi yake mwenyewe. Tukaenda pamoja, ana kitambulisho cha taifa, ana barua ya mtendaji, ana kila kitu. Afisa, dada mchangamfu, akajaza fomu mpaka akafika kwenye namba ya simu itakayopokea uthibitisho. Mpwa akaitaja. Nikamuuliza pembeni laini hiyo imesajiliwa kwa jina lake. Akatikisa kichwa. Aliipata akiwa kidato cha tatu, kabla hajafikisha umri wa kitambulisho, ikasajiliwa kwa jina la mama yake. Mama yake yuko Kondoa. Nikamwambia afisa. Akanitazama, akatazama foleni nyuma yetu, akasema mfumo hauna mahali pa kuliandika hilo, alimradi namba inapatikana. Nikamwomba aisimamishe fomu. Tukatoka, tukapanda bajaji kwenda kwa wakala wa laini kuulizia uhamisho wa jina, na tukaambiwa mama lazima aje mwenyewe, na kidole chake.